Nyamazeni, Matuta Yaja

Mwaka wa 2016, siku Harambee Starlets, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, waliporudiana na Algeria kutafuta tiketi ya Kombe la Afrika la wanawake kule Kamerun, stima ilipotea mtaani kwetu Kibokoni. Redio iliyobaki barazani ni ya simu yangu ya mulika mwizi, nayo haishiki stesheni mpaka uichomeke waya wa masikioni. Basi wanaume kumi na mmoja, mwuza kahawa na dele lake, na mama wa mahamri, wote macho kwenye mdomo wangu.

Sitawadanganya, niliufurahia ufalme ule. Mpira ukitoka nje, mimi nasema umegonga mwamba.

Kwao tulikuwa tumetoka 2-2. Hapa nyumbani kipenga cha mwisho kikalia 1-1, na chaji imebaki kijiti kimoja. Nikainua mkono kama refa: "Droo juu ya droo! Zaja dakika 30 za nyongeza, kisha matuta ya penalti. Naizima nisevu chaji."

Hakuna aliyenipinga. Mwenye waya ndiye mwenye elimu. Mama wa mahamri tu ndiye aliyenitupia jicho la upande, akaendelea kufunga mahamri kwenye gazeti.

Tukakaa. Kahawa ikanywewa kimyakimya kama matangani. Mzee mmoja akatoa tasbihi. Mara vigelegele vikapasuka ghorofani, vikajibiwa nyumba ya pili, vikavuka kichochoro. Nikasimama nimefura: "Jamani, hiyo harusi haiwezi kungoja matuta?"

Dirisha likafunguka. "Harusi gani, we mwana? Kakangu amenipigia simu sasa hivi, Starlets washapita!"

"Wapite vipi na jumla ni 3-3?"

"Mwanangu," akasema mama wa mahamri bila kuinua kichwa, "sisi kwao tulitia mawili, wao kwetu wametia moja. Jumla ikilingana, la ugenini lahesabiwa mara mbili. Binti yangu acheza mpira skuli, ni yeye aliyenifunza."

Kenya yaenda fainali zile kwa mara ya kwanza, nami nimeizima kwa kidole gumba! Kumi na mmoja wale wakanigeukia. Nikaona heri nikumbuke shughuli nyumbani, nikatoa pesa za mahamri manne niliyokula.

"Lipa manane," akasema.

"Nimekula manne, mama!"

"Umeyala kwangu. Kwako hapa ni ugenini."

Mwuza kahawa naye akaanza kuhesabu vikombe.