Kiti Kimekukosea Nini?

Jamani, timu ikivurunda, kiti kinahusika vipi? Kiti ndicho kilichokosa penalti? Kiti ndicho kilichosajili mshambuliaji anayepaisha mipira mpaka ndege wanahama?

Oktoba 1, 2016, Simba na Yanga zilitoka 1-1 Uwanja wa Taifa. Viti vikang'olewa, vikarushwa. Serikali ikazifungia klabu zote mbili kuutumia uwanja huo. Aliyeumia nani? Si sisi sisi mashabiki?

Mwaka huohuo, mwezi Februari, mashabiki wa Liverpool walichukizwa na mpango wa kuuza tiketi pauni 77. Hawakugusa kiti. Dakika ya 77 maelfu wakainuka, wakaondoka zao. Timu ilikuwa mbele 2-0, ikaishia 2-2! Siku chache baadaye wamiliki wakaomba radhi, bei ikafutwa.

Sisi tunaonunua jezi kila msimu, tunaokesha kwenye basi kwenda Mbeya, kweli hatuna nguvu hiyo? Tunayo! Wanachama tuna mkutano mkuu, tuna kura. Lakini mkutano ukifika, nani anauliza hela za usajili zimekwenda wapi? Tunapiga makofi, tunaimba, tunarudi nyumbani. Halafu Jumamosi tunamalizia hasira kwenye kiti!