Babu Amevaa Meza

Nianze kwa kujitetea: meza yenyewe haikuwa na kasoro. Uso wake ulikuwa sentimita 180 kwa 90, unene 4, mbao ngumu nilizozipiga randa kwa mkono wiki nzima. Skrubu za kushikilia uso nilizipitisha kwenye matundu marefu, si ya duara, maana ubao huvimba na kunywea kwa upana wake hali ya hewa ikibadilika, na ukiubana sana utapasuka. Kila ulimi, yaani ncha ya ubao inayochomekwa kwenye ubao mwingine, niliukata uwe theluthi ya unene wa ubao, ukaingia kwenye tundu lake kwa kusukumwa na kiganja tu. Nikawa natembea nyumbani kifua mbele.

Viti ndivyo vilivyonitoa jasho. Watu hudhani meza ndiyo kazi kwa kuwa ni kubwa, lakini meza ni pembe mraba tupu. Kiti kina miguu ya nyuma inayolala na egemeo linaloinama, na ukikosea kidogo tu mgeni anakaa kama anayeteleza kutoka paani. Navyo vilikuwa sita.

Kikalio cha kiti cha kulia chakula huwa sentimita 45 hivi kutoka sakafuni. Nilijua hilo. Nikaacha kikae 48, yaani tatu za akiba, ili nije kupunguza miguu iwapo kiti kitatikisika. Vyote sita havikutikisika! Kwa furaha niliyokuwa nayo, zile tatu sikuzikumbuka tena.

Kisha mke wangu akaja na wazo.

"Baba watoto, wageni watakalia mbao tupu?"

Akatengeneza vigodoro, sentimita 5 kila kimoja, akavifunga kwa kamba kwenye viti. Vilipendeza. Mimi, niliyekuwa na tepu mfukoni mchana na usiku, sikuitoa.

Halafu kuna ule ukanda, yaani mbao zinazozunguka chini ya uso wa meza na kuishika miguu. Nilikuwa na ubao wa upana wa sentimita 16, michirizi yake kama mawimbi, nikaona ni dhambi kuupasua kwa msumeno. Jirani yangu, seremala mstaafu, alikuja kuchungulia. Akaitazama meza, akavitazama viti, akaitazama tena meza, kisha akacheka kwa pua.

"Hongera, fundi."

Hilo "fundi" alilivuta kidogo. Mtu mwenye akili timamu angemuuliza anacheka nini. Mimi nilimshukuru.

Vanishi ilipokauka niliifanyia kazi yangu majaribio. Nilisimama juu ya meza nikarukaruka. Nilikaa kwenye kila kiti nikajinyoosha. Ila meza ilikuwa sebuleni na viti barazani, kwa hiyo havikujaribiwa pamoja hata mara moja. Usiku wa kuamkia ugeni nikaviingiza viti chini ya meza, navyo vikaingia kama droo, nafasi ya kidole tu kati ya kigodoro na ukanda. Nikamwita mke wangu aje aone vipimo vya mtu aliyetulia. Msomaji mwenye hesabu ameshashtuka: kimo cha meza 75, toa uso 4, toa ukanda 16, zinabaki 55. Kiti 48, jumlisha kigodoro 5, ni 53. Mapaja ya binadamu niliyatengea sentimita 2.

Wageni walifika. Wakavuta viti, wakakaa, wakajaribu kusogea. Magoti yao yakagonga ukanda, ko, ko, ko, kama watu wanaobisha hodi. Kwa adabu hakuna aliyesema kitu. Walijigeuza upande upande, kama abiria wa pikipiki, wakanyoosha mikono mezani kwa mbali.

Baba mkwe hakukubali. Yeye alikuwa ameketi kichwani mwa meza, na mzee wa heshima hakai upande.

"Mwanangu, niinulie hapa nipite."

Nikainua mwisho ule wa meza, naye akajisukuma mpaka mapaja yote mawili yakawa chini ya ukanda. Nikashusha. Akanyamaza, jasho likamtoka pajini mwa uso, lakini akatabasamu. Nikaona mambo yamekwisha.

Ndipo simu yake ikalia, mfukoni mwa koti alilolitundika mlangoni. Mzee akasahau alipo, akasimama.

Meza nayo ikasimama, kwa upande wake. Sahani zikaanza safari kuelekea kwa mama mkwe, zikifuatana kwa mpangilio mzuri, jagi la maji likiwa nyuma yao kama mchungaji. Mama mkwe alidaka sahani mbili. Jagi hakulidaka. Katika ule ukimya uliofuata, maji yakichuruzika, mwanangu wa miaka minne akatangaza:

"Babu amevaa meza!"

Tulimtoa wanaume watatu. Kwa sifa ya kazi yangu, niseme kwamba hakuna kiungo hata kimoja kilicholegea.

Jumatatu nilipinduza meza nikaukata ule ukanda mzuri ubaki sentimita 8, huku jirani akiwa ameegemea mlango na kunihesabia vipande. Miguu ya viti nikaipunguza zile tatu za akiba. Vigodoro vikahamia kwa paka. Sasa kati ya kiti na ukanda kuna sentimita 18, na mtu anakaa akitazama mbele.

Baba mkwe alirudi mwezi uliofuata. Alisimama nyuma ya kiti chake, akainama polepole, akachungulia chini ya meza na kugonga ukanda kwa kidole.

"Hodi huko ndani?"

"Karibu, Baba," nikaitikia.

Akakaa upande.