Nani atangaze kuwa bahari ina sumu?

Wazo la kuwapa wakazi wa pwani ya Dar es Salaam hadubini na nyavu za matundu madogo ili wafuatilie mwani mdogo mno wenye sumu linanivutia, lakini lina mtego ndani yake. Mfano unaotajwa ni wa jimbo la Washington, Marekani. Huko, tangu 2006, mtaalamu wa bahari Vera Trainer na wenzake wamefanya kazi na wafugaji wa chaza na watu wa kujitolea wanaochota maji, kuchunguza vijimea vilivyomo na kutuma taarifa.

Haja ya kufuatilia ipo. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 wakalazwa. Wataalamu wanashuku kwamba sumu ya kasa hutokana na mwani anaoula. Sumu kuu za mwani wa baharini haziondoki kwa kuchemsha wala kukaanga, na mlaji hana namna ya kuzionja.

Watetezi wa wazo hili wana hoja nzito. Mtafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, aliyeko Kunduchi hawezi kuwa Mbweni, Msasani na Kigamboni siku moja. Lakini maji ya bamvua yakipwa, wanawake wenye ndoo wanakuwa tayari miambani wakiokota kombe na chaza. Wao ndio wa kwanza kuona maji yamebadilika rangi. Kipindi cha kaskazi, bahari ikitulia, mwani wa Trikodesmiamu huelea juu kama vumbi la mbao, na anayekaa ufukweni huliona hilo kabla ya ofisi yoyote kupata habari.

Tatizo ni kile ambacho hadubini haionyeshi. Chukua kijimea kiitwacho Pseudo-nichia: kwenye kioo unaona vijisindano vilivyoungana ncha kwa ncha. Baadhi ya spishi zake hutoa asidi ya domoiki, iliyowafanya watu zaidi ya 100 waugue nchini Kanada mwaka 1987 baada ya kula kome. Nyingine hazitoi. Kwa hadubini ya kawaida ni vigumu mno kuzitofautisha, na hata ile yenye uwezo wa kutoa sumu haitoi kila wakati. Kwa hiyo anayejitolea anaondoka na shaka, na uthibitisho unabaki maabara.

Sasa shaka hiyo iingie kwenye kundi la WhatsApp saa kumi na mbili asubuhi, mnada wa samaki wa Feri ukianza. Sumu hizi hujikusanya zaidi kwenye kome na chaza wanaochuja maji, na kwenye matumbo ya samaki wadogo kama dagaa wanaoliwa wazima. Mnofu wa changu kwa kawaida hauna hatari ya kiwango hicho. Lakini ujumbe wa "bahari ina sumu" hautenganishi, na mvuvi aliyekopa mafuta na barafu ndiye atakayeozewa na samaki. Tumeshaonja hofu ya namna hii: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya viuatilifu, na viwanda vya Mwanza vikayumba.

Washington wanafanikiwa kwa sababu nyuma ya wanaojitolea kuna idara ya afya ya jimbo inayopima nyama ya chaza na yenye mamlaka ya kufunga ufukwe. Sisi maabara ya taifa ya ubora wa samaki iko Nyegezi, Mwanza, mbali kabisa na bahari.

Kwa hiyo naunga mkono wanawake wa ufukweni wafundishwe, ila fedha za kupima sumu zitengwe kabla hadubini ya kwanza haijanunuliwa. Sampuli ziende Kunduchi, waliko watafiti wa TAFIRI, na kikundi kisitangaze chochote.

Na walipwe. Wapo wanaosema malipo yatawafanya wakuze mambo. Sikubaliani nao, maana mtu akilipwa kwa kila chupa aliyoleta, iwe na mwani au isiwe nao, hana sababu ya kudanganya. Anayeacha ndoo yake kwa ajili ya chupa za utafiti amepoteza kitoweo na fedha za bamvua hilo. Kabla ya yote hayo, wizara iseme wazi: ufukwe ukifungwa wiki mbili, nani anasaini tangazo, na waokota chaza watakula nini?