Eti toa masega, gari ipumue

Jumamosi nimepeleka gari kwa fundi maana imekuwa nzito, ukikanyaga mafuta inafikiria kwanza ndo iondoke. Hajafungua hata boneti, kainama kachungulia chini, kasimama: "Bosi, hapa tunatoa masega, gari ipumue. Na mnunuzi ninaye, unaondoka na laki mbili yako leo leo."

Masega ndo kile kifaa cha kusafisha moshi kilichofungwa kwenye bomba la ekzosi, catalytic converter kwa Kiingereza. Gari ipumue. Sawa. Na binti yangu mwenye pumu yeye apumue nini?

Hii biashara ya masega imekuwa kama ya vyuma chakavu, namba za wanunuzi zimebandikwa kila nguzo, na hakuna anayeuliza yale madude yaliwekwa pale kwa kazi gani, wanajua tu ndani kuna madini ya bei mbaya, platinamu na paladiamu. Kazi yake ni kuzidaka zile oksidi za naitrojeni na mvuke wa petroli ambayo haijaungua vizuri, vipunguzwe makali kabla ya kutoka. Ukiyakata vinatoka vibichi, asubuhi nzima kwenye foleni ya Mwenge na Ubungo vinajazana tu, halafu jua letu hili la Dar linavipika. Kinachoiva hapo ndo ozoni. Haitoki kwenye bomba la gari yoyote, inaundwa hewani, huioni, ndo maana mtu anakujibu kwa kujiamini kabisa "mbona gari yangu haitoi moshi".

Najua utaniambia ozoni si ndo ile inatukinga na jua, tulifundishwa darasani. Ndiyo, ile iko huko juu kilomita 15 na kuendelea, ikae huko huko. Hii ya puani inababua njia ya hewa. Los Angeles miaka ya 1950 walikuwa wanaipima kwa kuangalia kipande cha mpira kinachukua muda gani kupasuka. Mpira jamani! Sasa mapafu ya mtoto wa miaka tisa? Wamarekani magari yao yalianza kufungwa masega kwa wingi mwaka 1975, sisi tunaletewa mitumba ya Japani ikiwa nayo tayari, tunayakata tukanywe supu. Hongera zetu.

Na ozoni hii inapanda zaidi mchana jua likiwa kali mpaka kwenye saa kumi, muda ule ule watoto wako kiwanjani wanakimbizana. Barakoa za kawaida hazisaidii, hii ni gesi.

Shemeji yangu naye kwenye grupu la familia kaleta mashine ya "kusafisha chumba kwa ozoni", kamfikiria mtoto. Nikamshukuru, nikamwomba airudishe dukani. Mpaka leo kanuna.

Haya, nakubali, masega yakiziba kweli gari inakuwa nzito, na mapya bei yake inatia kizunguzungu. Na gari yangu moja haisafishi jiji, malori yapo na jirani anachoma taka kila jioni. Lakini angalia kwanza basi kama yameziba!

Nikagoma. Fundi akacheka, "bosi, shule imekuzidi," akafungua boneti kwa shingo upande. Chujio la hewa limejaa vumbi kama limezikwa. Elfu ishirini, gari imekuwa nyepesi.

Nawasha niondoke, Noah ya nyuma yangu imeshapandishwa jeki na grainda inalia.