Vitamini C ya pera, ya chupa na ya sindano

Kata parachichi vipande viwili. Kimoja kikamulie ndimu, kingine kiache hivyo hivyo. Rudi baada ya muda: kile kisicho na ndimu kimeanza kuwa cheusi, chenye ndimu bado ni kijani. Vitamini C ya ndimu, ikisaidiwa na ukali wake, imelikinga parachichi lisiharibiwe na oksijeni. Kazi ya antioksidanti ndiyo hiyo.

Ngozi nayo ina vita kama hiyo kila siku. Jua, moshi wa sigara na wa magari huzalisha ndani yake molekuli zilizopungukiwa elektroni, nazo hupora elektroni kwa jirani zake, zikiharibu mafuta ya seli, kolajeni (protini inayoipa ngozi uimara) na hata DNA. Antioksidanti huzipa molekuli hizo elektroni kabla hazijaleta madhara. Vitamini C ina kazi nyingine tena: bila hiyo mwili hautengenezi kolajeni imara, ndiyo maana mabaharia wa zamani waliokosa matunda walitokwa damu kwenye fizi na vidonda vyao havikupona.

Kwa hiyo wanaozisifu antioksidanti wana hoja. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2001 uliwapa watu gramu 40 za nyanya ya kopo kila siku pamoja na mafuta ya zeituni. Baada ya wiki 10, wekundu wa ngozi yao ilipopigwa mionzi ya jua ulikuwa pungufu kwa asilimia 40 kuliko wa wasioila. Waliokula walikuwa wachache, lakini matokeo yanaeleweka kabisa. Likopeni, antioksidanti inayoipa nyanya wekundu wake, hufyonzwa vizuri ikipikwa kwa mafuta, na mama anayekaangia mchicha wake nyanya na mawese anafanya hivyo bila kusoma utafiti wowote.

Mambo hubadilika tunapofika kwenye vidonge. Huko Nambour, Australia, watafiti waliwagawa watu: wengine wapake mafuta ya kukinga jua kila siku, wengine wapake wanapotaka wenyewe, na katika kila upande wengine wameze miligramu 30 za beta-karoteni, antioksidanti inayoipa karoti rangi yake. Baada ya miaka minne na nusu, ngozi za waliopaka kila siku zilikuwa zimezeeka kwa asilimia 24 chini ya zile za wenzao. Beta-karoteni haikuleta tofauti ya kuonekana. Ufaransa ilikuwa mbaya zaidi: katika utafiti wa watu wapatao 13,000, wanawake waliomeza vidonge vyenye vitamini C na E, beta-karoteni, seleni na zinki walipata saratani ya ngozi zaidi ya waliomeza vidonge vitupu. Mtu anayekula vizuri, sioni sababu ya kumshauri anunue vidonge hivyo kwa ajili ya uso.

Seramu ya kupaka ina ushahidi bora kidogo, ila vitamini C ni dhaifu mno. Mwanga, joto na hewa huimaliza. Chupa inayopitisha mwanga iliyokaa mezani juani tangu asubuhi, maji yake yakiwa yamegeuka rangi ya chai ya rangi, haina tena kile unacholipia. Na tafadhali, usikimbilie kujipaka ndimu usoni ukatoka nje: maji yake yakikutana na jua huunguza ngozi na kuacha madoa meusi ya wiki au miezi.

Linaloniuma zaidi ni sindano na dripu za glutathioni. Ni antioksidanti kweli, hata mwili huitengeneza wenyewe, lakini wateja wengi huchomwa ili wawe weupe. Mamlaka ya dawa ya Ufilipino ilitoa onyo tangu 2011 kuhusu madhara yake, yakiwamo ya figo. Huu ni mkorogo uliovalishwa koti la daktari. Tena melanini, hiyo rangi yetu nyeusi, ni antioksidanti yenyewe: hunyonya mionzi ya jua na kuzituliza molekuli haribifu pale pale zinapozaliwa. Mtu analipa apunguziwe kinga aliyozaliwa nayo, kwa jina la kuongezewa kinga.

Ngozi isiyo na melanini chini ya jua letu tunaijua. Watanzania wenye ualbino hupata saratani ya ngozi wakiwa bado vijana, na ndiyo maana katika hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa mafuta ya kukinga jua kwa ajili yao. Fedha ya dripu moja ingenunua kofia pana, mafuta ya kukinga jua, na mapera ya wiki nyingi. Pera moja lina vitamini C nyingi kuliko chungwa.