Jeti Kwenye Firigisi

Marehemu baba alikuwa bwana shamba, na Honda CG 125 yake ilipanda milima ya Usambara kabla sijajua kutembea. Mimi nimerithi pikipiki, ubishi wake, na bisibisi moja iliyopinda.

Ugonjwa ulianza baada ya masika. Inawaka kiki ya kwanza, inatoka Mombo kwa mbwembwe, ikifika kwenye kona za kupandia Soni inakohoa, inazima. Nafungua kifuniko cha tangi, nachungulia: mafuta yapo. Nafunga, napiga kiki, inawaka kama si yeye. Kilomita tatu mbele, yale yale. Makondakta wa kosta wakawa wananipungia mkono.

Nikachomoa plagi, nyeupe kama chaki. Kijiweni kila mtu anajua maana yake: injini haishibi mafuta. Na mafuta yakipungua, mshitakiwa ni mmoja tu, kabureta, inayochanganya mafuta na hewa.

Jumapili nikatandika gunia chini ya mwembe wa bibi jirani, maana kwangu hakuna kivuli. Nikafunga koki, nikafungua bakuli la kabureta. Boya linacheza vizuri, sindano yake haijalika. Nikatoa jeti kubwa, inayopimia injini mafuta: kijipande cha shaba mithili ya punje ya hindi, na tundu katikati jembamba kama sindano ya kushonea. Nikaikosha kwa petroli, nikaipuliza, nikaitazama juani. Safi. Nikaiweka guniani ikauke.

Gunia lenyewe lilikuwa la mahindi. Kuku wa bibi walilijua kuliko mimi. Tetea mmoja mwekundu akasogea, akaitazama jeti kwa jicho la kushoto, akaitazama kwa la kulia, kisha ko! Akanyoosha shingo kuisindikiza.

Mtu mzima, mikono inanuka petroli, nikazunguka choo mara nne nikimbembeleza kuku. Bibi akatoka.

"Kuku wangu amekukosea nini?"

"Shikamoo bibi. Amemeza jeti."

"Marahaba. Amemeza ndege?"

Jeti za pikipiki za siku hizi nilishazijaribu, nyuzi zake za kufungia hazikubali. Kwa hiyo tetea nikamnunua kwa 20,000, bila nafasi ya kuomba punguzo, maana bibi aliona wazi nani mwenye shida. Akachinjwa pale pale. Jeti tukaikuta kwenye firigisi, katikati ya changarawe, inang'aa kuliko ilivyotoka Japani. Kuna mafundi wanaozibua jeti kwa waya mpaka tundu linapanuka na pikipiki inaanza kunywa mafuta kama lori. Kuku hana dhambi hiyo.

Nikafunga kila kitu, nikaweka sailensa, ule mngurumo mdogo wa injini bila kupewa mafuta, kiki moja, ikaitika. Nikaenda kuzunguka kijiji ili watu waone. Nilirudi naisukuma.

Bibi alikuwa ananyonyoa. Nikafungua kifuniko kuchungulia mafuta, tangi likavuta pumzi: fyuuu.

"Nini hicho?"

"Ndivyo linavyofanya kila nikifungua, bibi."

Akaacha kunyonyoa. "Debe la mafuta ya kula ukilitoboa tundu moja, yanatoka?"

"Yanatoka kidogo, halafu yanagoma. Mpaka utoboe la pili, la hewa."

"Haya. La pili la hilo debe lako liko wapi?"

Liko kwenye kifuniko. Na kwenye kifuniko, kwa ndani, kulikuwa na nailoni nzito iliyofungwa kwa mpira, niliyoifunga mwenyewe wakati wa masika ili maji ya mvua yasiingie kwenye mafuta. Nilikuwa naiona kila nikifungua. Tena kila nikiiona nilikuwa najipongeza.

Nikaing'oa bila kusema neno, nikapanda hadi Soni na kurudi. Haikukohoa hata mara moja.

Jioni bibi akapakua. Nikaletewa paja na ugali. Firigisi akaiweka kwenye sahani yake.

"Wewe yako umeshaitoa humu," akasema.