Hongwe Mmoja, Kamba wa Elfu Nane

Nimeulizwa swali na mtoto wa miaka sita hapa kwangu na mpaka sasa sina jibu. Kachungulia ndoo, kanitazama, kachungulia tena, akasema, "Baba, yani huyu ndo kala kamba wote wale?"

Huyu mwenyewe ni samaki, hongwe, ukitoa sharubu hafiki kiganja. Na wala hakuja kwa hiari, kanichoma kwanza kwenye dole gumba, mwiba wa hongwe mnaujua, nimeendesha baiskeli kutoka mdomo wa mto Zigi mpaka Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwa mkono mmoja, huu mwingine nimeunyanyua juu kama naapishwa, kila ninayepishana naye anadhani namsalimia na yeye ananipungia.

Haya, hesabu. Kamba wa chambo wa shilingi elfu nane, tena wakubwa, wa kuungwa na nazi kabisa, muuzaji kaniuliza "shemeji kapata wageni?" nikakaa kimya. Ndoana tatu zimebaki kwenye mizizi ya mikoko, chubwi mbili, mshipi nusu, soda, maandazi. Kama wale kamba ningewapeleka moja kwa moja jikoni saa hizi ningekuwa mtu wa heshima nyumbani kwangu. Hongwe hata paka wa jirani kamnusa akaenda zake.

Na msije na lile swali lenu la ulikwenda bamvua, maji makubwa, au maji mafu. Nilikwenda bamvua. Maji yanajaa. Na nina apu ya maji kwenye simu, inachora kujaa na kupwa kwa rangi ya bluu halafu pembeni inaweka vialama vya samaki, samaki wanne maana yake siku nzuri sana. Iliniwekea wanne. Hao wanne wako kwenye simu mpaka sasa.

Walisema wazee hasira za mkizi furaha ya mvuvi. Siku hizi mwenye hasira ni mvuvi, mkizi sijui yuko wapi anafurahi.

Barazani kwenye kahawa kila mtu ana sababu yake ya samaki kupotea. Mmoja anasema uvuvi wa baruti, na hapo simbishii, Tanga hii kuna wakati tulikuwa tunaamshwa na mishindo baharini kama tuko vitani, na mwamba ukishapasuka hauungwi kwa gundi. Mwingine anasema ni ukataji wa mikoko, anasema huku kaegemea nguzo ya banda, na nguzo yenyewe ni boriti ya mkoko. Wa tatu akasema mto hauji na nguvu kama zamani, Zigi wameizuia pale kwenye bwawa la Mabayani, na samaki wa mdomoni anataka maji matamu na ya chumvi yakutane sawasawa. Nikamuuliza na hiyo kahawa unayokunywa imechemshiwa maji ya wapi, kimya, maana mji mzima tunakunywa Mabayani. Kuna mzee yeye anasema tu watu tumezidi, akaagiza kikombe kingine.

Halafu kinachoniuma zaidi, hapa hapa Tanga tuna silikanti. Lile lisamaki ambalo wataalamu waliamini limekwisha pamoja na madainosa, miaka milioni 60 na ushee huko, hadi 1938 likanaswa Afrika Kusini watu wakashika vichwa. Sisi miaka ya 2000 tumeyatoa kwenye nyavu za jarife huko Kigombe moja baada ya jingine, hadi 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari kwa jina lake. Yani marehemu wa zama hizo karudi mzima, changu aliyekuwepo juzi tu kwenye harusi ya binamu yangu ndo hajulikani alipo. Na silikanti msimtamani, ni marufuku, tena nyama yake mafuta matupu, ukimla unahamia chooni.

Basi leo niko pale nimekaa kwenye gogo, chambo cha tano kishaliwa bila hata hodi, nikaona ng'ambo ya kijito wamama watatu na vijana wawili wanavua kwa kutanda. Maji kiunoni, wanakokota, na kuimba wanaimba. Nikakaza macho. Chandarua! Chandarua cha mbu, kile cheupe cha bure. Damu ikanipanda, nikasema leo ndo leo, mwizi wa changu wangu nimemkuta na kidhibiti mkononi.

Nikachomekea shati. Nikasafisha koo. Nikavuka tope, lile tope la mikoko msilolijua msiombe, likanimeza kandambili moja, nikaona siwezi kusimama kuitafuta maana hotuba ilishaanza kichwani. Nikafika na kandambili moja na heshima zangu zote.

"Shikamooni mama zangu."

"Marahaba mwanangu," akajibu mmoja, bi mkubwa hasa, kajifunga leso mbili.

"Samahani, nina neno."

"Sema baba, ila sogea kando, unatutibulia maji."

Nikasema. Laiti mngekuwepo. Nikawaambia mikoko hii ni chekechea, changu, tasi, mkizi, wanaingia humu wakiwa kama punje ya mchele, wanajificha kwenye mizizi, wanakula, wakipata mwili ndo wanatoka kwenda mwambani, na chandarua hakichagui mama, tundu lake mbu hapiti, mtoto wa changu atapita wapi? Sisi wa mshipi tutavua nini? Nikatia na "kizazi kijacho". Kijana mmoja akauliza kizazi cha watu au cha samaki. Nikamwambia vyote viwili.

Bi mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, mkono kiunoni.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza mama."

"Weye si unakaa Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, nyumba yenye mwembe?"

Nikasema ndiyo, huku nawaza amenijuaje. Akawageukia wenzake, "Si nlowaambieni! Mume wa mteja wangu huyu!"

Kumbe ule uduvi wangu wa Jumanne, wa nazi na bilinganya na ndimu, ule ninaousifia mpaka mbele ya wakwe, unatoka kwenye beseni lile pale. Nikachungulia. Uduvi umo, na katikati ya uduvi vichangu, vimkizi, vihongwe, vimekaa macho tu. Nikahisi vinanitambua.

Nikajikaza kiume. "Hata hivyo mama, chandarua ni cha kuwakinga watoto na malaria, si cha kufanyia hivi."

"Hiki? Hiki kanipa mkeo."

Nikacheka, kile kicheko cha mtu mzima aliyesingiziwa. Yule mama hakubishana, alinyanyua tu pembe moja ikachuruzika maji. Kiraka. Kitambaa cha maua mekundu, uzi wa bluu. Jamani, kiraka kile nilishona mimi, kwa mikono yangu, umeme umekatika, nikajidunga sindano mara mbili!

"Nilimpa kilo mbili za uduvi," akasema, "akanambia baba watoto anaupenda mno."

Kilichofuata sitaki maswali. Kijana mmoja alijitolea kwenda kunitafutia kandambili kwenye tope, upande wake ukabaki wazi, mtu wa kushika akahitajika. Nimekokota raundi mbili. Wimbo wenyewe si mgumu.

Nyumbani nikaanza kwa ukali, nimeweka na ndoo chini kwa kishindo, hongwe akaruka. Mama watoto hata hakugeuka kwenye jiko. "Kwani weye ulikuwa unalala ndani ya chandarua? Si kila siku unalalamika joto?" Halafu akauliza, "Kakupa uduvi wa Jumanne?" Kanipa. Niliuning'iniza kwenye usukani.

Sasa ni saa nane usiku, watoto wamo kwenye chandarua chao wanakoroma, mama watoto kajifunika shuka gubigubi kama maiti, mimi joto silihimili nimekaa hapa mbu wananipigia taarabu, dole gumba limevimba kama bilinganya. Feni sizungumzii, umeme wa luku umeisha tangu isha na bando nalo linakata. Halafu ndo kwanza nakagua vitu vyangu naona kandambili niliyoletewa kutoka topeni ni ya kushoto. Niliyopoteza ya kulia. Kwa hiyo nina mbili za kushoto, moja nyeusi moja bluu, yani huko topeni kuna mwenzangu naye aliwahi kuvuka na hotuba yake. Kama ni wewe, bluu, namba tisa, njoo barabara ya kumi na mbili, na ukija mpitie yule aliyeazima pampu yangu ya baiskeli tangu mfungo, mwambie tairi la nyuma limelala.